Alama Zangu na Maji ya Kitahana

Transkripti yangu ya chuo ina kurasa mbili, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiangalia ukurasa wa pili tu. Wa kwanza una alama za mwaka wa kwanza na wa pili. Hesabu, C iliyopatikana kwa sapu, yaani mtihani wa marudio. Mekanika, C ya sapu vilevile. Fizikia ilipona kwa bahati. Ukurasa wa pili unapanda pole pole, na chini kabisa upo mradi wa mwaka wa nne, una A, imekaa peke yake kama mgeni aliyekosea nyumba. Ukizijumlisha zote unapata daraja la pili la chini. Nilivaa joho, mama akapiga vigelegele, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Nilisomea uhandisi wa maji. Nimezaliwa Heru Juu, karibu na mji wa Kasulu, na kazi yangu ya kwanza ikanipeleka Kibondo, ambako sikuwa mgeni kabisa kwa sababu Kiha cha kule na cha kwetu ni kimoja, tofauti ni ya kuchekana tu. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka vijijini kwa pikipiki, kukagua pampu za mkono na kuandika kisima kipi kinatoa maji na kipi kimekufa.

Katika kijiji kimoja cha kata ya Kitahana kulikuwa na visima virefu vitatu, vyote vizima. Unapiga mkono wa pampu mara tatu, maji yanaruka. Lakini majani yalikuwa yameota hadi kwenye saruji, dalili kwamba watu hawafiki pale. Wanawake walikuwa wakipita na ndoo zao kuteremka bondeni kwenye chemchemi, mwendo wa kutosha kumchosha mtu mzima, na kupanda tena na mzigo.

Nilimuuliza mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, kwa nini wanaacha kisima mlangoni. Alinipeleka kwake, akateka maji ya pampu mbele ya macho yangu, akayachemsha, akatia majani ya chai kijiko kimoja na sukari, akanimiminia.

"Injinia, kunywa," akasema.

Chai ilikuwa nyeusi kama wino. Niliionja. Ilikuwa kama kulamba msumari.

"Majani ni kijiko kile kile ninachotia kila siku," akasema. "Hayo ni maji yenu. Nikiyapikia ugali, mume wangu ananiuliza kama unga umeoza." Akaingia ndani, akatoka na shati la shule la mwanawe, lililokuwa jeupe, sasa lina rangi ya udongo. "Nimelifua mara mbili tu."

Ilikuwa ni madini ya chuma. Yanakuwa yameyeyuka ndani ya maji huko chini, huyaoni, maji yanatoka meupe kabisa. Yakikutana na hewa yanageuka kutu. Chuoni nilikuwa nimeyasoma kwa mistari mitatu na kuyajibu kwenye mtihani kwa mistari mitatu. Sikuwa nimewahi kuyanywa.

Nikarudi Kibondo nikamweleza fundi wetu wa maabara. Alikuwa mtu wa Tanga, amehamishiwa bara miaka mingi iliyopita na kuzoea, ana umri wa baba yangu mdogo. Aliniomba nimwite kaka, ulimi ukanishinda, nikawa namwita Mzee, naye akawa ananiita binti.

"Hayo yanatibika," alisema. "Yape hewa, yape muda, kisha yapitishe kwenye mchanga. Tatizo si kujua, binti. Tatizo ni nani atauosha huo mchanga kila wiki."

Tukaanza na kisima kimoja. Tulichukua pipa la plastiki, mfuniko wake tukautoboa matundu mengi kwa msumari wa moto ili maji yadondoke kama mvua na kupata hewa. Ndani tukapanga kokoto, juu yake mchanga wa mto uliochekechwa, chini tukafunga bomba la kutolea. Siku ya kwanza yalitoka machafu kuliko yalivyoingia kwa sababu mchanga haukuoshwa vizuri, na akina mama wakatutazama kwa huruma. Wiki ya pili mwenyekiti alipika chai tena. Ilikuwa na rangi ya chai. Alikinyanyua kikombe juu, akakizungusha kila upande ili wenzake waone, ndipo akanywa.

Tukaweka mapipa kwenye visima vyote vitatu. Akina mama wakagawana zamu za kuosha mchanga. Mimi na Mzee tulikuwa tukienda kila wiki na chupa zetu na kipimo kinachoonyesha kiasi cha chuma kwa kulinganisha rangi, tukipanga vipimo vizunguke sala yake ya adhuhuri, na kila namba ikaingia daftarini. Tuliendelea hivyo masika na kiangazi, kisha masika mengine. Visima viwili vya juu vilitii. Kisima cha tatu, kilichokuwa karibu na bonde, kilikataa. Tulibadili mchanga, tukaongeza kina, tukapunguza kasi ya maji. Kutu ilikuwa inapita kama vile pipa halipo.

Nilipoanza kuandika matokeo yale ili nipeleke kwenye jarida la wahandisi, nilimwambia Mzee kwamba naona tuviandike visima viwili tu, vinatosha.

Aliendelea kufuta kioo cha kipimo chake. "Na kile cha bondeni tulikwenda kufanya nini? Kutembea?"

"Hakikufanya kazi, Mzee."

"Basi andika kwamba hakikufanya kazi. Daftari halichaguliwi, binti."

Nikaviandika vyote vitatu. Makala ilirudishwa mara mbili kwa masahihisho, mara ya tatu ikapokelewa. Siku ilipochapishwa, Mzee aliitoa kwa printa ya ofisi na kuibandika ukutani juu ya sinki la maabara. Bado ipo, imepinda pembe kwa unyevu.

Wiki chache baadaye nilipata ujumbe kutoka kwa mwalimu wangu wa chuo, yule aliyesimamia mradi wangu wa mwaka wa nne. Alikuwa ameiona makala. Aliandika: "Hii ni kazi ya shahada ya pili. Umefikiria kuomba?"

Sikumjibu kwa majuma matatu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefikiria. Nilikuwa na maswali juu ya kile kisima cha bondeni ambayo vipimo vyetu vya Kibondo visingeweza kuyajibu. Lakini kila nilipofungua tovuti ya chuo chochote, sentensi ya kwanza kabisa ilihusu wastani wa alama, na wangu ulikuwa chini ya ule wanaoutaja. Nilijiona nikisimama mlangoni na karatasi yenye kurasa mbili, mtu akinipokea na kuanza na ule wa kwanza.

Mwishowe nilimpigia simu. Nilimweleza hali yangu kwa kuzunguka zunguka, mpaka akanikatiza.

"Mama, alama zako nilizijua kabla hujaniambia. Mimi ndiye niliyekusahihishia baadhi," akasema. Alikuwa ameanza kuwaita wanafunzi wake wa kike mama tangu nikiwa mwaka wa kwanza. "Sikiliza. Alama zako zitaonekana, ziko kwenye karatasi, hazifichiki. Utafiti wako ndio usioonekana mpaka uueleze. Barua ya utambulisho nitakuandikia leo. Wewe andika barua yako, kurasa mbili. Mistari michache ya alama, iliyobaki ya kazi."

"Hiyo mistari michache niandike nini?"

"Ilivyokuwa."

Nilikaa na neno hilo siku kadhaa bila kuandika chochote. Kisha mwenzangu mmoja wa ofisini, kijana wa manunuzi aliyekuwa ameshapata shahada yake ya pili, akanipa ushauri wa bure. "Weka ugonjwa," alisema. "Wa kwako au wa mzazi. Wanasoma barua mia, watu wa huruma wale. Kila mtu anaweka kitu."

Na mimi nilikuwa na kitu. Mama aliwahi kuugua nikiwa chuo. Alifanyiwa upasuaji hospitalini Kasulu, akatolewa uvimbe tumboni, nami nikaomba ruhusa nikaja kumuuguza wiki mbili. Hilo lilikuwa kweli. Nikaandika kwamba katika miaka yangu ya mwanzo mama yangu aliugua sana, kwamba nilikuwa njiani mara kwa mara, kwamba akili yangu haikuwa darasani. Niliisoma barua ile mara nne. Ilikuwa nzuri. Mara ya nne karibu nijililie mwenyewe.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Kasulu, nikachukua bodaboda hadi nyumbani Heru Juu. Nilikuta mama yuko uani ameketi kwenye mkeka, maharage mapya yamemwagwa mbele yake, anachambua mabovu na mawe. Nilimsalimia, nikaketi upande wa pili wa mkeka, nikaanza kuchambua naye. Mama hajasoma zaidi ya darasa la nne, lakini ana kumbukumbu ambayo watu wa kitongoji wanaitumia kumaliza ugomvi wa mipaka.

Akaniuliza habari za kazi, kisha akauliza, "Na hao watu wa shule ulisema unawaandikia. Umewaandikia nini?"

"Barua, mama. Ya kueleza kwa nini wanichukue."

"Nisomee."

Barua ilikuwa ya Kiingereza. Nilitoa kompyuta kwenye begi, nikaipakata, nikawa namgeuzia kwa Kiswahili kipande kwa kipande. Sehemu ya visima aliipenda. Alitikisa kichwa kwenye chai nyeusi, akacheka kwenye shati la shule. Nilipofika kwenye ile mistari ya alama, mkono wake ulisimama juu ya maharage.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Mwana wanje," akasema, na aliponiita mwanangu kwa Kiha nikajua nimekwisha. "Mimi niliugua lini?"

"Nikiwa chuo."

"Mwaka gani wa chuo?"

Nikaokota jiwe kwenye maharage.

"Nilipasuliwa mwaka ule muhogo uliingia ugonjwa, shangazi yako akatuletea mbegu nyingine. Ulikuwa mwaka wa tatu. Ulikuja na vitabu vyako, ukawa unasoma pale hospitali pembeni ya kitanda changu, na uliporudi ulifaulu ukanipigia simu." Alitupa jiwe dogo nje ya mkeka. "Mwaka wako wa kwanza nilikuwa mzima. Nililima hadi shamba la bondeni, peke yangu. Wewe ulikuwa unapiga simu unasema kwaya imepata safari."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimejiunga na kwaya mbili, ya kanisa na ya chuo. Mazoezi yalikuwa jioni nne kwa wiki, na mwisho wa juma tunasafiri. Nilikuwa sauti ya pili, na mwalimu wa kwaya alisema hawezi kusafiri bila mimi. Hakuna mwalimu wa hesabu aliyewahi kuniambia hivyo. Darasani nilikaa nyuma, sikuelewa wiki ya kwanza, nikaona aibu kuuliza wiki ya pili, na wiki ya tatu nikaacha kuona aibu kwa sababu sikwenda.

Nilitaka kumweleza mama kwamba ni maneno tu, kwamba watu wote wanaandika hivyo. Sikupata nafasi.

"Sikatai kukusaidia," alisema, wala hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayerekebisha hesabu ya debe. "Kama kuna pa kunitia, nitie. Lakini usinilaze kitandani mwaka ambao nilikuwa nimesimama."

Tukaendelea kuchambua. Baada ya muda akaanza kucheka peke yake.

"Nini, mama?"

"Kwaya mbili," akasema. "Na bado ulikuwa unakohoa kila ukipandisha sauti."

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, nilifuta aya yote. Mahali pake niliandika, kwa Kiingereza cha kawaida kabisa, kwamba mwaka wa kwanza na wa pili nilitumia muda mwingi katika kwaya kuliko darasani, na kwamba niliona aibu kuuliza nisichokielewa. Kwamba hesabu nilizozikimbia nilizirudia mwenyewe baadaye, nikiwa kazini, kwa sababu nilihitaji kujua mchanga wa pipa unapitisha maji kwa kasi gani na hakukuwa na mtu wa kunifanyia. Ilikuwa mistari mitano. Kisha nikaandika juu ya visima, na juu ya kile cha bondeni nikaandika zaidi kuliko vile viwili vilivyofanikiwa.

Niliomba vyuo viwili, vyote hapa nchini. Cha kwanza kilikuwa na fomu ya mtandaoni, na fomu ilikuwa na kisanduku cha wastani. Nilijaza namba yangu, nikabonyeza kuendelea, maandishi mekundu yakatokea kwamba sijatimiza sifa. Haikufika hata mahali pa kuweka barua. Nilimwonyesha Mzee, akasema, "Hiyo si kukataliwa, binti. Hiyo ni mashine tu imefanya hesabu ya kutoa," na kwa siku ile maneno hayo yalinitosha.

Cha pili kilipokea maombi yakiwa na barua, makala na majina ya watu wawili wa kunitambulisha. Mzee ndiye aliyekuwa wa pili. Aliandika barua yake kwa mkono kwanza, akaniomba niichape, nikakataa kwa sababu si sawa mtu kuchapa sifa zake, akamtafuta katibu muhtasi. Hadi leo sijui aliandika nini.

Mwezi ukapita, kisha barua pepe ikaja kwamba wanataka kuzungumza nami kwa video, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Wiki ile umeme wa Kibondo ulikuwa unakuja na kuondoka, kwa hiyo Jumatatu nikaenda Kasulu. Kulikuwa na mama mmoja wa steshenari karibu na soko, Mwislamu mwenye ndugu Ujiji na Dar, ambaye mtandao wake haukuwahi kukatika. Nilimweleza shida yangu. Aliniangalia juu chini.

"Usaili wa shule?"

"Ndiyo, mama."

"Njoo kesho saa tatu na nusu. Ukae kule nyuma. Wa fotokopi watasubiri."

Nilipofika alikuwa amehamisha maboksi ya karatasi, ameweka kiti na meza ndogo, na nyuma ya kiti ametundika khanga ili kwenye kamera yasionekane madaftari ya kuuza. Alifunga mlango wa mbele nusu. Nje walikuwa watu watatu wanne na fomu zao mikononi, akiwemo mzee mmoja aliyekuja kutoa nakala ya hati ya kiwanja, na nilimsikia mwenye duka akiwaambia, "Mna haraka ya kwenda wapi?"

Kwenye kioo walitokea watatu. Katikati profesa mwanamke mwenye nywele za mvi zilizokatwa chini, kushoto mwanamume asiyetabasamu, kulia kijana aliyekuwa anaandika. Yule asiyetabasamu alianza.

"Hesabu zako za mwaka wa kwanza si nzuri."

"Si nzuri," nikasema.

"Kozi yetu ina hesabu nyingi. Kwa nini tuamini utaziweza?"

Nikamweleza nilivyokokotoa kasi ya maji kwenye mchanga, nilipokosea mara ya kwanza kwa kuchanganya vipimo, na jinsi Mzee alivyoligundua kosa kwa kuweka ndoo chini ya bomba na kuangalia saa. Aliniuliza maswali mawili ya mlinganyo wenyewe. La kwanza nilijibu. La pili nilijibu nusu, nikasema nusu iliyobaki siijui. Akaandika kitu.

Kisha profesa akasogea karibu na kamera.

"Mimi ninataka kisima cha tatu," alisema. "Kwa nini kilikataa?"

"Sijui," nikasema, na hilo ndilo neno ambalo darasani nilishindwa kulisema miaka miwili. "Nina dhana. Kiko karibu na bonde lenye majani yanayooza. Maji yake yana rangi kidogo hata kabla ya kupata hewa. Nadhani chuma kimeshikwa na kitu kinachotokana na yale majani, ndiyo maana hewa peke yake haikitoi. Lakini sina vipimo vya kulithibitisha hilo. Kibondo hatuna."

"Ungekuwa navyo ungepima nini kwanza?"

Hapo nikasahau kwamba ni usaili. Niliongea, nikachora kwenye karatasi na kuinyanyua mbele ya kamera, nikaipindua kwa sababu ilikuwa kichwa chini, yule kijana akaacha kuandika akawa anasikiliza. Profesa alinikatiza mara mbili, mara moja kunipinga, na alikuwa sahihi. Nilipomaliza akauliza, "Na kwaya? Bado?"

"Moja tu, profesa."

Hata yule asiyetabasamu alitabasamu.

Nilipotoka mbele ya duka, mwenye steshenari hakuniuliza kitu, alinipa kiti na soda. Mzee wa hati ya kiwanja ndiye aliyeuliza. "Wamekupa?"

"Bado, baba. Watanijulisha."

"Watakupa," akasema. "Kiingereza sikukielewa, lakini ulikuwa unawafundisha."

Walinijulisha baada ya wiki tatu. Nilikuwa kijijini, siku ya zamu ya kuosha mchanga, mikono imejaa tope la kutu, simu ikalia ndani ya mfuko. Niliisoma kwa kuishika kwa vidole viwili. Wamenipokea kwa masharti. Katika muhula wa kwanza nitasoma tena hesabu, pamoja na wanafunzi wa shahada ya kwanza, na nisipopata angalau B nitaondoka. Nikiipata, nitaendelea, na ada italipwa na mradi wa utafiti wa profesa kwa sharti kwamba nifanye kazi ya kisima cha bondeni.

Mwenyekiti wa kamati aliniona nimesimama. "Kuna msiba?"

"Hapana, mama. Nimepata shule."

"Shule gani tena? Wewe si injinia?"

"Nakwenda kusoma juu ya kisima chenu cha chini."

Aliwageukia wenzake akawatafsiria kwa Kiha, na nikasikia akiongeza yake, kwamba serikali imenituma nikasome kisima kile na kurudi na dawa. Nilijaribu kusahihisha. Walikuwa wameshaanza kupiga vigelegele. Nikaacha, nikaosha mikono, nikacheza nao kidogo.

Kurudia hesabu za mwaka wa kwanza ukiwa mtu mzima ni jambo jema kuliko nilivyotarajia. Wenzangu darasani walikuwa wadogo, wananiita dada, na mwanzoni walidhani mimi ni mhadhiri msaidizi. Nilikaa mstari wa mbele. Nilipokuwa sielewi nilinyoosha mkono, na baada ya wiki chache niligundua kwamba wale wa nyuma walikuwa wakinisubiri mimi niulize. Binti mmoja alinifuata baada ya kipindi, akaniambia, "Dada, lile swali lako la leo lilikuwa langu tangu Jumatatu." Tukawa tunasoma pamoja alasiri, mimi na yeye na wengine wawili, kwenye benchi nje ya maktaba. Jaribio la kwanza nilipata alama za chini. Nilizitazama, nikaona nilikokosea, nikalala vizuri. La pili lilikuwa afadhali. Mtihani wa mwisho ulipotoka nilikuwa na B, ya juu kidogo ya mstari. Si alama ya kutangaza, lakini niliitangaza. Nilimpigia mwalimu wangu wa zamani, nikampigia Mzee, nikampigia mama.

"B ni nzuri?" mama aliuliza.

"Inatosha, mama. Ndiyo waliyoitaka."

"Basi ni nzuri."

Sasa niko mwaka wa pili, na nimerudi huku kwa miezi mitano kukusanya sampuli. Nakaa nyumbani Heru Juu mwanzo wa juma na Kibondo mwisho wake, kwa sababu chupa zangu lazima zipelekwe Kasulu zikiwa bado baridi ili zisafirishwe. Profesa alikuja mara moja, akainama juu ya pampu ya bondeni kwa saa nzima, akatoka na tope magotini, na akaniambia kwamba dhana yangu huenda ni nusu sahihi. Tunatafuta nusu ya pili. Kuna siku vipimo vinanichanganya kabisa na nafurahi hivyo hivyo. Nikiwa Kibondo napita maabara, Mzee ananiuliza maswali mpaka napitwa na gari.

Nyumbani, mama ameniachia rafu moja ya stoo yake. Siku nilipofika na maboksi yangu alinisimamia wakati napanga, akishika kila chupa juu kwenye mwanga na kuuliza ina nini.

"Hii ni asidi, mama. Usiiguse."

Aliirudisha taratibu, akaangalia rafu, akaangalia gunia la unga wa muhogo lililokuwa chini yake. Kisha akalikokota gunia hadi upande wa pili wa chumba, akajifuta mikono kwa khanga.

"Hapo sawa," akasema. "Twende tule, ugali unapoa."